Pua ya Nyumba

Nyumbani kwetu hakuna anayeniita kwa jina. Naitwa Pua. Baba ndiye aliyenipa, nikiwa bado natambaa, kwa sababu kila mgeni aliyenibeba nilimnusa shingoni kwanza ndipo nikaamua kama nilie au ninyamaze. Jina likanikaa, likawakaa na wazazi wangu pia: mtaa mzima unawaita Mama Pua na Baba Pua. Sikuwahi kuona vibaya. Watu husema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi naijua mvua kabla ya mawingu. Najua baba amepitia kwa rafiki zake kabla hajagusa mlango.

Mama ni mwokaji mikate. Chumba cha oveni kiko nyuma ya nyumba. Kina meza ndefu ya mbao, magunia ya unga yaliyoinuliwa yasishike unyevu, na dirisha moja linalotazama karakana ya fundi wa mageti. Oveni yenyewe ni ya gesi, kuukuu, mlango wake haufungiki mpaka uupige goti, na inawashwa kwa kibiriti. Mama huoka mara mbili kwa siku: mkupuo wa alfajiri ni wa maduka, na mkupuo wa pili, jua likishapanda, ni wa watu wa chai ya jioni. Tangu nikiwa madarasa ya chini nilizoea kuitwa popote nilipo. "Pua, njoo uniambie haya maziwa." "Pua, hii siagi ni ya leo au ya juzi?" "Pua, hebu nusa hiyo hamira." Nilidhani ni mapenzi tu. Nilidhani mama ananidekeza.

Basi matokeo yakatoka, nikapata nafasi chuoni, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, nikabakiwa na wiki chache za kuwa mtoto wa nyumbani. Niliapa kuzifaidi. Rafiki yangu, ambaye mimi na yeye ni chanda na pete, alikuwa ameshatupangia kila kitu. Tunamwita Ratiba kwa sababu hawezi hata kunywa maji bila kujua yananywewa saa ngapi. Tungeogelea bwawani mpaka vidole vikunjamane. Tungepanda tangi kubwa la maji ambalo tulikatazwa tangu utotoni. Tungepiga picha studio tumebadilishana nguo. Na kubwa kuliko yote, tungelala mpaka jua litutoe kitandani.

"Ukifika huko utaamshwa na kengele kila siku," aliniambia. "Sasa hivi we lala kama maiti."

Sikuupenda huo mfano, lakini nililala.

Siku ya kwanza tu ya kulala ndiyo iliyoniharibia wiki zangu. Nilizinduka pua inaniwasha. Mkate ulikuwa unaungua, tena si kuungua kwa ukoko, kuungua kwa kugeuka mkaa. Nilitoka mbio na shuka begani, nikamkuta mama ameipa oveni mgongo, anakanda unga na kuimba wimbo wake wa chini chini. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Moshi ulikuwa ndio kwanza unaanza kupenya kwenye ufa wa mlango wa oveni.

"Mama, mkate," nikasema.

Aligeuka, akanitazama mimi kwanza, si oveni. "Mkate umefanya nini?"

Maneno hayo yalinikaa rohoni kutwa nzima. Mwanamke aliyeoka mikate tangu sijazaliwa ananiuliza mkate umefanya nini, na nyumba nzima inanuka jivu. Tulitoa sinia nyeusi tii. Mama akacheka, akasema kosa ni la saa ya ukutani, betri yake imekufa. Niliitazama ile saa. Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea vizuri tu, hauna habari na mtu.

Mimi nikishakuwa na shaka na jambo, sikai. Mchana nilikwenda kwa baba. Baba ni kinyozi, ana kibanda chake barabarani, na ana chupa ya spiriti ya kufutia mashine za kunyolea. Nilichovya kitambaa, nikarudi nacho mfukoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapaka sinia siagi. Nikasimama nyuma yake na kukishusha kile kitambaa mpaka karibu na shavu lake. Machozi yalinitoka mimi. Yeye aliendelea kupaka siagi.

"Mbona umenisimamia nyuma kama askari?" akauliza bila kugeuka.

"Mama, nimeshika nini mkononi?"

Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Kisha akafanya kile alichokuwa akikifanya siku zote, na ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza: akaniuliza yeye. "Kwani wewe unanusa nini?"

Kumbe ndiyo ilikuwa mbinu yake. Kila nilipomwuliza kuna harufu gani, aliniuliza mimi kwanza, nikamwambia, halafu akasema hata yeye ameisikia. Nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa utoto wangu wote, na nikajiona hodari.

"Mama, wewe hunusi."

"Punguza sauti."

"Hunusi kabisa. Hata spiriti."

Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Ni tangu ile homa," alisema. Niliikumbuka kidogo, homa iliyomlaza hospitali nikiwa mdogo. "Ilipoondoka iliondoka na pua yangu. Nikangoja irudi, haikurudi. Nikasema basi, nina mtoto mwenye pua ya watu wawili, itatutosha."

"Baba anajua?"

"Baba yako akijua, kesho oveni iko nje inanyeshewa. Humjui? Atanifunga na kamba kwa hofu. Na wenye maduka je? Nani atanunua mkate kwa mwokaji asiyejua unga uliochacha na unga mzima? Mimi ndiyo oveni hii, Pua. Ukiitoa humu ndani, jua umenitoa na mimi."

Kisha akanishika ule mkono wenye kitambaa, akaniapisha. Nisimwambie baba, nisimwambie Ratiba, nisimwambie kiumbe. Nilikula yamini huku macho yananichoma kwa spiriti, sijui kama nililia au la.

Nilikasirika, sitaficha. Zilikuwa wiki zangu. Watu wengine wanaagwa kwa vicheko, mimi naagwa kwa siri ya kunifuata mpaka chuoni. Nilikasirika zaidi kwa sababu nilimpenda, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda.

Siku chache baadaye tulikwenda bwawani. Ratiba aliogelea kwa saa aliyopanga, akaniburuta majini, akanirushia maji mpaka nikacheka na kusahau. Narudi nyumbani nywele zinachuruzika, viatu mkononi, nafikiria kula tu. Harufu ilinipokea uani. Ilikuwa ya yai viza, nzito, inakaba koo. Gesi.

Sikumbuki kama nilikimbia. Nakumbuka mlango wa chumba cha oveni, dirisha limefungwa, na mama amesimama mbele ya oveni ameinua kibiriti sikioni. Ana tabia hiyo: kabla ya kufungua kibiriti hukitikisa karibu na sikio asikie kama njiti bado zipo.  Nilimpiga mkono. Kibiriti kikaruka kikaangukia kwenye beseni la unga, na mama akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe wa kumzaa, maana ndivyo ilivyokuwa.

Nilifunga mtungi, nikafungua dirisha, nikamvuta nje. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka pale unapoungana na oveni, ufa mdogo tu wa kupitisha ukucha. Tulikaa kwenye ngazi ya uani. Kutoka karakana ikatufikia sauti ya fundi wa mageti akigonga vyuma, ko, ko, ko. Tunamwita Nyundo. Yule mtu hazuiwi na mvua wala jua, ana paa lake la mabati, na isipokuwa siku ya mapumziko ya wote hakuna asubuhi isiyomsikia. Alituona akatupungia mkono, nasi tukampungia kama watu waliopumzika.

Mama alikuwa anautazama mkono wake. "Ningekiwasha," akasema.

"Ndiyo."

Akajipangusa unga viganjani. "Funga dirisha basi, unga utapoa."

Nilitaka kucheka, nikakuta siwezi. Hapo ndipo penye ugomvi wetu, na haujaisha mpaka leo. Unga ukishakandwa unataka joto ili uumuke, na chumba chenye dirisha wazi kinaupooza, unalala chini kama mgonjwa. Gesi inataka dirisha wazi, unga unataka dirisha limefungwa, na mama tangu azaliwe yuko upande wa unga.

"Siendi chuoni," nikamwambia.

"Utakwenda."

"Nitaomba waniwekee nafasi mwakani. Nitabaki mpaka tujue la kufanya."

"Nisikilize. Sikukusomesha ili uje uwe kengele ya jiko langu. Ukibaki utanichukia. Hutasema, wewe ni mtoto mwenye adabu, lakini utanichukia, na hiyo hata mimi nitainusa."

 Nilijua anasema kweli, na nilimwonea uchungu kwa kuijua kweli hiyo kabla yangu.

Basi nikaziba ufa. Wahenga walisema usipouziba utajenga ukuta, na mimi sina ufundi wa kuta. Tulinunua mpira mpya. Nilimwomba Nyundo atutengenezee kizimba cha vyuma chenye kufuli na kibati juu, tukautoa mtungi nje na kuupitisha mpira kwenye tundu la ukuta. Alitaka kujua kisa. Nikamwambia ndani hapana nafasi ya magunia, akanitazama, akaendelea kupima. Nikamfundisha mama kupaka povu la sabuni kwenye maungio kila mara kabla ya kuwasha. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inatoka, likitulia, salama.

"Macho yatafanya kazi ya pua," nilimwambia.

"Na pua itafanya kazi gani?"

"Itakaa usoni ikupendezeshe."

Alicheka, na akapaka povu kama mtoto anayelazimishwa kuoga. La dirisha tulipatana nusu nusu: kabla ya kuwasha, liwe wazi, oveni ikishashika moto, afunge apendavyo. Niliweka jiwe dirishani la kulizuia. Kesho yake nililikuta jiwe linazuia mlango wa banda la kuku.

Baba alirudi akakuta kizimba. Alikizunguka kimya, mikono mgongoni.

"Mtungi nje?" akasema. "Mnawaandalia wezi?"

"Kuna kufuli, baba."

"Kufuli ni salamu tu kwa mwizi. Na mvua ikija? Mama Pua, nani katoa wazo hili?"

"Mwanao," mama akajibu, na akanitupia jicho.

Ni lazima mumjue baba. Ni mtu mpole, mwenye huruma, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimelegea asikikaze, na akishakikaza hakifanyi kazi tena. Bomba la uani alilitengeneza yeye, tangu hapo tunachota kwa jirani. Kitasa cha chumba changu alikikaza, nikalala sebuleni. Watu husema kinyozi hajinyoi. Sisi tunasema kinyozi wetu laiti angejinyoa, akatuachia nyumba yetu. Niliona macho yake yanavyokitazama kile kizimba. Ningekuwa na ruhusa ya kusema maneno manne tu, baba, mama hana pua, angelala mlangoni pa oveni kama mlinzi. Lakini nilikuwa nimeapa.

Zikabaki siku za kuhesabika. Ratiba hakukubali zipotee. Tulipanda lile tangi la maji, mchana kweupe, kwa ngazi yenye kutu iliyotuchafua viganja. Juu kule kulikuwa na upepo mzuri, na mji wote ulikuwa chini yetu, mabati na miti na barabara. Nilikuwa nimengoja miaka kuuona. Nikatafuta paa letu, nikalipata, na sikutazama kitu kingine. Nilitazama kama kuna moshi. Ulikuwepo, mwembamba, wa kawaida, nikaanza kuwaza ungekuwaje usipokuwa wa kawaida.

"Uko hapa na hupo," Ratiba alisema.

"Nipo."

"Hupo. Bwawani tangu siku ile hutaki kurudi. Studio ulitoa macho pembeni, picha nzima unaonekana kama umeitwa. Kuna mtu anaumwa kwenu?"

Nikarudisha macho kwenye paa letu. 

"Sikulazimishi," akasema. "Kama huwezi kuniambia mimi, mwambie anayehusika. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Ratiba hutoa methali kama wengine wanavyogawa pipi, huwa hata hasikii alichosema. Mimi niliisikia.  Jioni hiyo nilimfuata baba kibandani kwake, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamwangalia kwenye kioo. Akaniuliza kama nataka kukatwa nywele. Nikasema hapana. Akaniuliza kama naogopa kuondoka. Nikasema ndiyo, maana huo nao ulikuwa ukweli. Akanipangusa shingo kwa brashi yake ya poda, hivi hivi tu, kwa mapenzi. Nikafungua kinywa nimwambie. Mlango ukafunguka, mteja akaingia, nikainuka.

Asubuhi ya safari mama aliamka kabla ya wote akanifungia mikate miwili ya moto. Mawingu yalikuwa yamejaa na mimi nilikuwa nimeshainusa mvua tangu jana yake. Ratiba alikuja kunisindikiza, akanikabidhi ile picha ya studio, akaniambia niiangalie kila nikijisahau, nijue nilivyo mbaya nikiwa na siri. Baba alilibeba begi langu, akakaza mkanda wake, na mkanda ukakatika. Akaufunga kwa kamba. Akanivuta pembeni na kuniambia kwa sauti ya mtu mzima anayekabidhi mzigo: "Wewe soma. Mambo ya nyumbani niachie mimi." Nikamshukuru, nikautazama ule mkanda.

Mama alinikumbatia wa mwisho. Nilizika uso kwenye shingo yake kama nilivyofanya kwa wageni zamani.

"Hebu niambie," akanong'ona. "Mimi nanukia nini? Nimeshasahau."

"Mkate," nikasema. "Na hamira kidogo."

Akatikisa kichwa, akaniachia. Ndani ya basi nililia mpaka abiria mwenzangu akanipa leso, akaniambia kila anayekwenda kusoma hulia hivyo. Sikuwa na nguvu za kumsahihisha.

Chuoni kulikuwa kuzuri kuliko nilivyotaka kuwe. Nilipata kitanda cha karibu na dirisha na marafiki wenye kelele. Lakini kila asubuhi, kati ya kipindi cha kwanza na cha pili, nilikimbilia nyuma ya maktaba nikapiga simu nyumbani, maana ndiyo saa mama anayojiandaa kuwasha oveni kwa mkupuo wa pili. Alfajiri baba huwa bado yuko nyumbani na pua yake. Wenzangu walikata shauri kwamba nina mchumba. Mama hubana simu kati ya bega na sikio ili mikono iendelee na kazi. Sikuwa na maswali mengi.

"Povu?"

"Nimepaka, limetulia."

"Dirisha?"

"Liko wazi, mama yangu," alinijibu, ananiita hivyo akitaka kunikejeli.

Sikuhitaji kumwamini. Nilikuwa na shahidi. Nyuma ya sauti yake alikuwepo Nyundo anagonga vyuma, ko, ko, ko. Nikimsikia Nyundo, dirisha liko wazi, na mimi narudi darasani. Nyumba yangu sikuweza tena kuinusa, basi nikajifunza kuisikiliza.

Kisha msimu wa mvua ukakolea. Asubuhi moja nilipiga kama kawaida, nimejibanza chini ya upenu wa maktaba.

"Huku baridi inakata," mama alisema. "Unga umegoma kuumuka tangu alfajiri, hata mkate wa maduka sijauoka. Nimeufunika na blanketi la baba yako, yeye amelala tu, leo ni siku yake ya kupumzika."

"Povu?"

"Hilo la povu limekuwa gumu. Maungio yamekwenda nyuma ya magunia, siyaoni vizuri."

"Magunia yapi? Mtungi si uko nje?"

"Hauko nje. Baba yako kaurudisha ndani jana. Alikuta maji yanaingia kizimbani, akaona nitateseka na mvua hii. Katia na mpira mrefu zaidi, kaufunga mwenyewe, kaukaza kwelikweli. Usimlaumu. Ningemkatalia kwa sababu gani?"

 Kaukaza kwelikweli.

"Mama, dirisha."

"Liko wazi."

Niliziba sikio la pili kwa kidole, nikasikiliza. Nilisikia mvua, kwa mbali, ya juu ya bati. Nilisikia blanketi linavutwa. Nilisikia hata pumzi yake mama. Nyundo sikumsikia.

"Nyundo yuko wapi?"

"Yupo. Atakuwa wapi?"

"Mbona simsikii?"

 Badala ya jibu nikasikia kitu kingine, karibu kabisa, kama kiko kwenye kiganja changu. Njiti zilikuwa zinatikisika ndani ya kasha lake, chaka, chaka, kando ya sikio la mama, na sikio hilo ndilo lenye simu.

"Weka kibiriti chini." Sikusema tafadhali, wala sikusema mama. "Usikifungue. Kiweke chini utoke nje."

"Pua, wewe uko huko, mimi niko hapa. Utanusa nini kwenye simu?"

"Toka nje, nakuomba. Toka."

 Nilibaki nimeshika simu, wanafunzi wanapita wanacheka na miamvuli yao, na mimi nangoja sauti ambayo sitaki kuisikia. Sijawahi kuogopa hivyo na sitaki kuogopa hivyo tena. Mlango wa uani ukalia. Zikaja ndara za baba, zile anazoziburuta akiwa ametoka usingizini, zikafika mlangoni pa chumba cha oveni, zikasimama.

"Mama Pua," nikamsikia anasema, "mbona humu kunanuka gesi hivi?"

Nilijua atakachojibu. Nilikuwa nimemsikia akikijibu maisha yangu yote. Nilingoja aseme kwamba hata yeye ameinusa, kwamba ndiyo kwanza alikuwa anataka kumwambia.

Kasha la kibiriti likagusa meza. Komeo la dirisha likalia, na Nyundo akaingia sikioni mwangu na mvua yake yote, ko, ko, ko.

"Sijui, Baba Pua," mama alisema. "Mimi sinusi. Anayenusa tumempandisha basi."